Kabla Mvua Haijashika

Montepuez, Jumapili 1 Oktoba 2023

Joto tangu alfajiri. Vumbi jekundu limeingia hadi kwenye unga wa kunde. Bajia zimekwisha mapema, sikubakiza hata moja ya mwenye nyumba. Mitihani ikikaribia wanafunzi hawa wanakula wakitembea, daftari mkono huu, bajia mkono huu. Wa Mueda, wa Nangade, wa Balama, wote wananiita mama, na mimi naitika. Chuo kikifunga, mtaa mzima unanyamaza na sufuria yangu inapoa. Lakini kikifunga ndipo watu wanaingia mashambani. Mji huu unakwenda kwa kalenda mbili, ya chuo na ya mvua, na mwaka huu zote mbili zinanidai mwezi mmoja.

Kaka kapiga simu kutoka Mocímboa. Kafika shambani kwetu. Anasema pamekuwa msitu, njia hakuiona, kafuata minazi ya mpakani. Mikorosho ipo, imevikwa majani ya kutambaa hadi juu. "Dada, Novemba tukate, tuchome, mvua ya kwanza ikukute na jembe mkononi. Watu wanarudi wengi. Shamba likilala tena, atakuja mtu alipime kwa miguu yake."

Sikumjibu. Nilimwambia saldo ya simu inaisha.

Mtoto anaitetea monografia yake Desemba. Desemba, mwezi wa jembe.

Alhamisi 5 Oktoba

Miaka sita leo tangu Mocímboa kushambuliwa. Hakuna aliyetaja. Sokoni nimekutana na mwanamke wa Milamba, kule kwetu, tukashikana mikono tusiachiane, tukaulizana bei ya mafuta. Alfajiri ile ya 2017 nilikuwa na udhu tayari. Milio ikatoka upande wa polisi.

Basi. Nimekaanga, nimeuza, nimeosha vyombo.

Jumatano 11 Oktoba

Kura za manispaa. Wino kidoleni, foleni ndefu, jua la kuunguza. Jina langu liko kwenye daftari la hapa. Kitanda changu kiko hapa. Kaburi la mama liko hapa, chini ya mkorosho wa watu ambao hawakumjua na wakamchimbia wenyewe. Nikisema nataka kwenda kwetu, namwambia nani na kaburi linasikia?

Jumapili 15 Oktoba

Nimechoka lakini lazima niandike, maana leo ilikuwa siku.

Mtoto kaniketisha uani, simu katikati yetu inarekodi. Mada yake ni namna watu waliohama wanavyopata mbegu. "Mama, jibu kama hunijui." Sasa nitajibuje kama simjui? Akauliza: mlipokimbia mlibeba mbegu gani? Nikasema hakuna. Nilishika mkono wako na mkono wa bibi yako, na mashua ilikuwa imejaa. Kisha nikakumbuka. Tulipotua Pemba, pale ufukweni Paquitequete, watu wakigombea maji, mama akakaa mchangani akafungua pindo la kapulana yake. Kunde. Konzi moja ya kunde zetu. Hakusema njia nzima. Hizo ndizo nilizopanda huku, ndizo ninazosaga kila usiku.

Mtoto aliacha kuandika. "Bibi hakuniambia." Wala mimi sikujua mpaka pale.

Akaendelea, mhogo je? Mhogo haufungwi pindoni, nikamwambia. Mhogo ni miti. Pingili zikikaa zinakauka, na nani anakimbia na mzigo wa miti kichwani? Huku tumeomba kwa wenyeji. Wametupa. Koshukuru, wametupa, lakini si ule wetu mwekundu.

Ndipo akanisomea karatasi yake. Kuna ugonjwa unaitwa michirizi ya kahawia. Anasema uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtu aitwaye Storey, kule Amani, Tanganyika. Unapenda pwani na nchi za chini. Majani ya chini yanaingia manjano kufuata mishipa, shina bichi linachorwa michirizi, lakini mti wenyewe unaweza kusimama mzuri tu, ukapita ukausifu, kumbe ndani mizizi imeoza kikavu, imekuwa kahawia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu waliukuta umeenea Nampula na Zambezia. Unabebwa na nzi weupe, na unabebwa na sisi wenyewe, kwenye pingili.

Nikamwambia, hayo mama alikuwa nayo. Hakuwa na jina lake. Alisema mhogo wetu usiulaze ardhini, ung'oe mapema, ukichelewa utakula nusu na kutupa nusu. Na kabla ya kukata pingili alikuwa anachimba kwanza, anakata mzizi, anatazama moyo wake. Mzizi mchafu, mti ule unakwenda motoni. Tulimwona ana uchoyo.

"Rudia hapo, Mama. Pole pole."

Nimerudia. Sauti ilinitetemeka. Kitu cha mama yangu kinaingia kwenye karatasi ya chuo kikuu, na anayekiandika ni mjukuu wake.

Jumapili 22 Oktoba

Mwenye nyumba kaja kukaa kibarazani kwangu. Kasikia mtoto anahoji watu, naye anataka kuhojiwa. Mzee wa watu, haombi kitu. Kaeleza wazazi wake walivyolimishwa pamba wakati wa Mreno. Pamba ya lazima, na msimamizi anapita na fimbo kutazama palizi. Muda wa kulima mtama haukubaki, basi watu wakaegemea mhogo, kwa kuwa mhogo hauna madai mengi, unaupanda unauacha, unarudi kwenye pamba yao. Ndiyo karakata hii, ugali wa mhogo, tunayoipika kila siku. Lazima ile ilifutwa 1961, anakumbuka baba yake alivyolala mchana kutwa, mara yake ya kwanza.

Baadaye kampuni ya Lomaco, pamba tena, safari hii kwa malipo. Kisha 2009 vito vyekundu vya Namanhumbir, na vijana wakatupa majembe wakashika sururu. Wajukuu zake wawili walikwenda. Mmoja alirudi.

Akamwambia mtoto: "Andika na hayo." Mtoto akasema mada yangu ni mbegu, babu. Mzee akasema hayo ndiyo mbegu yenyewe, binti, mtu asiye na muda wa kulima anapanda nini?

Mtoto hakulala. Taa yake iliwaka mpaka kuku wakawika.

Ijumaa 3 Novemba

Shambani na mtoto, kule bondeni. Maembe yameanza kuiva, watoto wote wako juu ya miti.

Nimempeleka anichagulie mihogo ya kukatia pingili. Ndiyo, nimekwisha amua kwamba lazima kitu kiende pwani, nikienda mimi, nisipokwenda. Kapita mti kwa mti, anainama, anageuza majani ya chini, anapitisha kucha shinani. Mzuri anaufunga uzi mweupe. Nikang'oa nyuma yake, wenye uzi na usio na uzi, nikakata mzizi, nikatazama. Yeye kwa majani, mimi kwa moyo. Tulitofautiana kwenye miti michache tu. Mmoja aliufunga uzi, nikaukata mzizi, ndani mabaka. Kaduwaa. "Majani hayakuonyesha kitu!" Mwingine mizizi yake ilikuwa myeupe pe, yeye akaonyesha shina, michirizi. Tukachoma yote miwili.

Muda wote ule hakunisahihisha na mimi sikumsahihisha. Tulikuwa tunafanya kazi.

Jumapili 19 Novemba

Tarehe ya utetezi imetoka. Alhamisi, 14 Desemba, asubuhi.

Mawingu leo mchana, mazito, upande wa mashariki. Hayakunyesha. Kaka kapiga, wamekwisha choma. Majivu yapo ardhini yanangoja, upepo ukiyachukua ni hasara. Anasema njia ya Macomia imetulia wiki hii, magari yanapita, wiki ijayo Mungu ndiye ajuaye.

Nimekasirika siku nzima. Na mvua, na tarehe, na kaka kwa kusema kweli. Binti wa kwanza kwetu kuvaa joho, na mama yake yuko wapi? Yuko shambani. Nikikaa, je? Nitapiga vigelegele mlangoni, tutapika pilau, kisha mwaka mzima nitanunua unga, na shamba la mama atalikata mwingine.

Usiku kaniambia mwenyewe. "Mama, nenda. Mimi nina mwenye nyumba, atakaa kwenye kiti chako." Nikamjibu vibaya, nikasema unanifukuza. Akaja akalala kitandani kwangu, mtu mzima, miguu inatoka nje.

Nitakwenda.

Jumatatu 27 Novemba, njiani

Naandika kwenye chapa, basi dogo, lililosimama. Metoro tumepita, Sunate tumepita. Pingili zangu ziko juu, zimefungwa gunia la majimaji, nimemlipa kijana azimwagie kila tukisimama. Kunde nimezifunga pindoni. Ndiyo.

Vizuizi. Shuka, onyesha bilhete ya kitambulisho, panda. Askari kauliza gunia lina nini. Miti, nikasema. Kalifungua, ni miti. Akafunga mwenyewe, tena vizuri.

Macomia watu wanajenga. Mabati mapya kando ya kuta zilizoungua. Daraja la Messalo nililivuka macho yamefumba. Sijui kwa nini, lilikuwa zima.

Alhamisi 30 Novemba, Mocímboa

Bahari. Niliisikia kwanza puani.

Sikuweza kuandika siku hizi. Nyumba haina paa, ukuta wa jikoni umesimama, na mafiga yangu matatu yapo, hakuna aliyeyagusa. Nalala kwa kaka, Nanduadua. Jioni tunakula nguru, wifi anapika kwa nazi ya hapa hapa, nimekula mpaka nikaona haya. Ufukweni askari wa Rwanda wanapatana bei na wavuvi, Kiswahili kwa Kiswahili, na wavuvi hawapunguzi.

Wengine hawapo. Nauliza nyumba fulani, naambiwa, natikisa kichwa. Sitawaandika leo.

Mvua bado. Kaskazi imeanza kuvuta.

Jumatano 6 Desemba

Jana usiku ilinyesha kweli kweli, leo ardhi inapokea jembe. Nimepanda pingili za Montepuez tangu alfajiri, mgongo haunyooki, na furaha hii siijui jina.

Lakini habari ni nyingine. Ule upande wa kisima ambao moto haukufika, kaka anafyeka, akaniita. Mhogo. Umesongwa na vichaka, mrefu, umelala, umechipua, umelala tena. Vikonyo vyekundu. Nikapiga magoti. Ni wa mama! Nguruwe wamefukua mingi, mashimo kila mahali, lakini mashina kadhaa yamebaki, tangu 2020 hakuna mkono ulioyagusa.

Nikachimba mmoja. Mzizi mgumu kuni, haupikiki. Nikakata. Kahawia. Wa pili, kahawia tupu, mpaka unanuka ukale. Nikakaa chini. Kaka akasema acha, dada. Wa tatu nikakata, mweupe. Nikakata kila upande. Mweupe. Wa nne mweupe, wa tano una mabaka.

Nimepiga picha, majani, mashina, moyo wa kila mzizi. Zilichukua nusu saa kwenda, mtandao unasuasua. Mtoto kajibu kwa sauti, anakimbiza maneno. Kisha kajibu tena, ametulia: Mama, usifurahi sana. Mzizi safi hauthibitishi. Mti unaweza kuwa na ugonjwa na usionyeshe, tunajua kwa kupanda na kungoja, au kwa kupima maabara, na maabara hatuna. Panda hiyo miwili mbali na mihogo mingine, mbali sana, kwa ajili ya nzi weupe. Na usimgawie mtu.

Usimgawie mtu. Hapa? Watu wote hawa wamerudi mikono mitupu.

Jumatatu 11 Desemba

Wameanza kuja. Habari ya mhogo mwekundu imetembea Nanduadua yote. Mama mdogo kaja na mjukuu mgongoni. Hakuomba, kasalimia, kauliza wagonjwa, kaangalia upande wa kisima, kanyamaza. Nikasema mama mdogo, bado. Akasema bado nini, mwanangu, mimi na mama yako tuliupanda pamoja ule.

Nilipenda ardhi inimeze.

Nikamchukua kwa mkono nikampeleka kwenye mizizi niliyoikata. Nikamwonyesha mweupe, nikamwonyesha kahawia. Akaushika ule wa kahawia muda mrefu. "Mama yako alikuwa anauchoma." Ndiyo, nikasema, na mimi nachoma. Nipe mwaka mmoja. Nikaona hajaridhika, na ana haki. Mwaka mmoja kwake ni mwaka wa kununua unga kwa pesa asiyokuwa nayo.

Pingili za Montepuez zilizobaki nimempa zote. Na kunde. Kunde hazina neno na ugonjwa huu, nimefungua pindo, nimempimia. Alizitambua kabla sijasema, alizigeuza kiganjani, akacheka na machozi.

Alhamisi 14 Desemba

Asubuhi sikulima. Nimekaa chini ya mkorosho wenye mtandao, simu gotini, kutoka saa mbili. Saa tatu. Saa nne. Wifi kaniletea uji sikuuona. Saa tano na kitu.

"Mama, nimepita."

Nilipiga vigelegele peke yangu mpaka watu wakatoka majumbani. Wakaitikia, hata wasiojua ni nini. Mama mdogo alikuja anakimbia, kwa umri ule.

Anasema mwenye nyumba alikaa mstari wa mbele na kanzu yake. Anasema walimuuliza mengi ya michirizi, na mwalimu mmoja akauliza, hii njia ya kukata mzizi kabla ya kuchagua pingili umeitoa kitabu gani. Akajibu, kwa bibi yangu, mkulima, Mocímboa da Praia. Wakamwambia aandike hivyo hivyo kwenye orodha. Basi ameandika. Jina la mama, herufi zote, na mwaka.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumapili 17 Desemba

Furaha imeshuka, kazi imepanda. Mvua kila jioni. Kunde zimetoka ardhini, mahindi ya kaka pia.

Simu ndefu na mtoto. Anataka kuja kabla ya mwaka mpya, njia ikiruhusu. Nikamuuliza na kazi ya ualimu? Anasema nafasi zikitoka ataomba za huku, Mocímboa, Palma, popote pwani. Sikusema kitu, nisije nikamvuta. Nataka afundishe, nataka aendelee kusoma, nataka awe hapa ninapolala. Mambo matatu, na sijui yupi kati yetu atachagua.

Tumezozana juu ya mhogo wa mama. Nimepanda pingili za ile miti miwili nyuma ya kisima. Anasema karibu mno, nzi watafika. Namwambia mbele ya pale ni shamba la mtu. Anasema muombe. Mtu mwenyewe nilimnyima pingili Jumanne, akaondoka bila kuaga! Nimwendee nikamwombe kipande cha ardhi yake, nipande kwake kile nilichomnyima?

Lakini nimefikiri usiku. Nikipanda kwake, anapalilia yeye, anatazama majani yeye, mtoto akija anamfundisha dalili zake. Na siku ya kung'oa tunakata mizizi wote wawili tumesimama. Mweupe, tunagawana nusu kwa nusu, na mama mdogo wa kwanza. Kahawia, tunachoma wote, na hakuna atakayesema nilificha.

Kesho asubuhi nakwenda kwake, mapema, kabla hajatoka. Nitabeba kunde na samaki.